Tumelinda Uzito wa Jiwe, Tumepoteza Ushahidi Wake

Ganeti yenye doa haina bei. Hiyo ni kanuni ambayo dalali wa vito, awe Arusha, Tanga au Tunduru, huijua kabla ya kanuni nyingine yoyote. Huliinua jiwe kwenye mwanga, hulitazama kwa lenzi yake ndogo, na akiona ndani yake punje nyeusi, ukungu au ufa, hulirudisha mezani. Jiwe safi hupimwa kwa gramu na kuuzwa. Jiwe chafu huachwa mlangoni pa shimo likikanyagwa na wapita njia. Simlaumu dalali. Kazi yake ni kuuza kinachong'aa, naye ana watoto wa kusomesha.

Lawama yangu inawahusu wale ambao kazi yao si kuuza vito bali kuongoza nchi na kuielimisha, lakini wameichukua kanuni ya dalali na kuifanya sera ya taifa. Kwa miaka mingi tumezungumza habari za madini kwa lugha ya tani, wakia, gramu, mrabaha na kodi. Sheria zetu zimehesabu uzito wa jiwe kwa makini, na hilo ni jema. Lakini jiwe lina kitu kingine zaidi ya uzito: lina ushahidi. Hoja ninayoitetea katika makala haya ni kwamba punje ile ile anayoikataa dalali ndiyo inayobeba historia ya ardhi yetu. Kwamba historia hiyo imekuwa ikisomwa ng'ambo kwa sababu hatukujijengea uwezo wa kuisoma. Na kwamba taifa linalodai mamlaka juu ya madini yake pasipo kuweza kuyasoma lina mamlaka nusu.

Nianze kwa kulieleza jambo lenyewe, maana mijadala yetu ya madini huendeshwa mara nyingi kana kwamba mwamba ni ghala tu lisilo na habari yoyote ndani yake.

Ganeti ni fuwele inayokua ndani ya miamba geu, yaani miamba iliyozikwa chini sana, ikapashwa joto na kukandamizwa hadi madini yake yakajipanga upya. Hukua kutoka kitovuni kwenda nje, tabaka juu ya tabaka, mithili ya shina la mti. Kiasi cha chuma, magnesi, kalisi na manganizi katika kila tabaka hutegemea joto na mgandamizo wa wakati ule lilipoundwa. Mtaalamu akizipima tabaka hizo pamoja na madini yanayoizunguka fuwele, anaweza kukadiria mwamba ulikuwa kina gani chini ya ardhi na ulikuwa na joto kiasi gani. Kwa hiyo ganeti ni kipimo cha kina. Kinachopungua ni saa ya kutuambia mambo hayo yalitokea lini. Ipo njia ya kuipima ganeti yenyewe, kwa kutumia elementi za samariamu na lutetiamu, lakini njia hiyo hulazimu kuyeyusha vipande vya fuwele katika asidi, na punje zilizojificha ndani zinaweza kuvuruga hesabu nzima.

Punje hizo hizo zinazovuruga hesabu ya namna moja ndizo zinazotupa hesabu ya namna nyingine. Ganeti inapokua, humeza vitu vidogo vilivyo karibu nayo. Miongoni mwake zimo zirkoni na monaziti, ambazo mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Zirkoni huipokea urani ndani ya mwili wake inapoundwa, lakini huikataa risasi. Urani hutoa mionzi na kugeuka kuwa risasi kwa kasi isiyobadilishwa na joto wala mgandamizo wa ndani ya miamba. Nusu ya urani-238 hugeuka katika muda wa miaka bilioni 4.47, nusu ya urani-235 hugeuka katika miaka milioni 704. Zirkoni iliyozaliwa miaka bilioni 2 iliyopita itakuwa imepoteza takriban atomu 27 katika kila atomu 100 za urani-238, na takriban 86 katika kila 100 za urani-235. Hizo ni saa mbili ndani ya punje moja. Zikisema muda mmoja, tunaamini. Zikipingana, tunajua kuna kilichoingia au kutoka, na tunaanza kuuliza maswali. Sijui mahakama ngapi duniani zina shahidi anayebeba ndani yake njia ya kumkagua.

Sasa kwa nini ganeti iwe muhimu kwa punje hizo? Kwa sababu huzilinda. Mwamba ukipata msukosuko mpya, maji ya moto hupita katikati ya madini, huyala na kuyajenga upya. Monaziti iliyo nje hupoteza risasi yake au hukua upya, na saa yake huanza tena sifuri. Ile iliyofungwa ndani ya ganeti isiyo na ufa huweza kubaki na habari ya zamani. Mfano ulio wazi unatoka barani mwetu, katika milima ya Rif kaskazini mwa Moroko, mahali paitwapo Beni Bousera. Mwaka 2000 Jean-Marc Montel na wenzake wawili walichapisha matokeo ya kupima monaziti za mwamba wa hapo. Zile zilizokuwa nje ya ganeti zilitoa umri usiozidi miaka milioni 30. Zile zilizofungwa ndani ya ganeti zilitoa takriban miaka milioni 280. Mwamba ni mmoja na madini ni yale yale, ila moja lilikuwa na ukuta na jingine halikuwa nao. Mtu ambaye angepima za nje peke yake angeapa kwamba mwamba ule haukupatwa na jambo kubwa kabla ya juzi, kwa kalenda ya dunia, na angekuwa amekosea kwa miaka milioni 250.

Naomba msomaji auangalie vizuri mfano huu, kwa kuwa hoja yangu ya kisiasa imejengwa juu yake. Thamani ya punje haimo katika punje peke yake. Imo katika mahali ilipo. Punje iliyo kitovuni mwa ganeti inatuambia kwamba kitovu hicho hakikuanza kukua kabla ya punje hiyo kuwepo. Iliyo ukingoni inatuambia habari ya ukingo. Iliyo juu ya ufa haiaminiki, kwani maji yangeweza kuifikia. Mtu anayesaga mwamba ili azitoe zirkoni na kuzipima hupata tarehe, lakini hupoteza anwani. Kwa hiyo uamuzi wa kipi kipimwe, na kutoka wapi, ndio moyo wa kazi. Anayefanya uamuzi huo ndiye mwenye sayansi. Aliyebeba gunia la mawe hadi uwanja wa ndege ni mchukuzi.

Turudi nyumbani. Huko Iringa, katika nchi inayokatwa na Mto Ruaha Mkuu, kuna miamba ambayo wanajiolojia huiita eklojiti: ganeti nyekundu zilizotapakaa ndani ya madini ya kijani. Asili yake ni lava ya aina inayopatikana sakafuni mwa bahari, na iliivishwa kwenye kina cha zaidi ya kilomita 50. Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walionyesha kwamba miamba hiyo ya ukanda wa Usagara ilifikia kina hicho takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Maana yake ilishtua wasomi: sakafu ya bahari ilizama chini ya bara, kama inavyozama leo kandokando ya Japani na Chile, tangu zama zile za mbali. Swali la lini dunia ilianza kufanya kazi kama inavyofanya leo ni mojawapo ya maswali makubwa ya sayansi hii, na mmoja wa mashahidi wake wakuu yuko Iringa. Mwaka 2004 kundi jingine lilirudi kwenye zirkoni za miamba hiyo na kuuthibitisha umri huo kwa usahihi mkubwa zaidi.

Vipimo vya mara ya kwanza vilifanyika Ujerumani. Vya mara ya pili, Australia. Ni wanafunzi wangapi wa sekondari Iringa wanaolijua jambo hili? Ni madiwani wangapi? Upo ubao wowote kando ya barabara unaomwambia mpita njia kwamba anakanyaga sakafu ya bahari ya miaka bilioni 2 iliyopita? Tunatangaza vivutio vya utalii kwa mabango makubwa, ila hiki hatukijui, na mtu hawezi kutangaza asichokijua.

Hali hii ina historia. Mwaka 1911 kijana wa Kiingereza, Arthur Holmes, alikwenda Msumbiji kutafuta madini kwa ajili ya kampuni. Madini ya maana hakuyapata, alipata malaria. Mwaka huo huo ilichapishwa kazi yake juu ya kutumia urani na risasi kukadiria umri wa miamba, kazi iliyomfanya kuwa mmoja wa waasisi wa fani hii. Mwaka 1948, katika mkutano wa kimataifa wa wanajiolojia jijini London, alieleza mpangilio wa mikanda ya kale ya milima ya Afrika, na jina la Ukanda wa Msumbiji, ambao sasa kila mwanafunzi wa jiolojia hulitaja, ni lake. Ukanda huo unapita Msumbiji, Tanzania na Kenya na kuendelea kaskazini. Milima ya Pare, Usambara na Uluguru ni mizizi ya safu kubwa iliyoivishwa takriban miaka milioni 640 hadi 620 iliyopita, vipande vya mabara vilipokuwa vikigongana kuliunda bara la Gondwana. Sisi tunaoishi juu ya mizizi hiyo tumejifunza habari zake kutoka vitabuni.

Hata umri ambao kila mtoto wa shule nchini anaukariri una asili hiyo. Mwaka 1959 Mary Leakey alilipata fuvu la Zinjanthropus katika Bonde la Olduvai. Mwaka 1961 dunia iliambiwa kwamba lina miaka milioni 1.75. Namba hiyo haikutoka katika mfupa. Ilitoka katika fuwele za majivu ya volkano yaliyokuwa pamoja nao, zilizopimwa kwa njia ya potasi na agoni huko Berkeley, Marekani. Nchi ilikuwa haijapata uhuru, na haikuwa na chuo kikuu chake. Udhuru ulikuwepo. Ninachouliza ni udhuru wetu leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, tukiwa na vyuo vikuu vingi na wahitimu wa jiolojia kila mwaka.

Mwaka 2017 tulipata nafasi ya kujifunza somo hili kwa gharama kubwa. Taifa zima lilijifunza neno makinikia. Makontena 277 yalizuiliwa, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikachunguza, na majibu yake juu ya kiasi cha dhahabu kilichokuwemo yakatofautiana sana na takwimu za kampuni. Kila upande ulishikilia vipimo vyake. Sitaki kuufufua ugomvi ule. Nataka tu kukumbusha kwamba, ukiondoa hotuba na vifijo, kiini chake kilikuwa swali la kimaabara: nani amepima, kwa chombo gani, na nani anaweza kuhakiki? Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake, iliyotaka mali ghafi isisafirishwe nje bali iongezewe thamani nchini. Nakubaliana na shabaha yake. Lakini thamani ya jiwe haiongezwi kwa kulichonga na kuling'arisha tu. Kulielewa ni kuliongezea thamani, na thamani hiyo tunaendelea kuisafirisha ikiwa ghafi.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ardhi yetu limeandikwa ndani ya ganeti na zirkoni zake, na nakala iliyosomwa iko kwenye kabati za watu wengine.

Mjusi mkubwa wa Tendaguru, aliyechimbwa huko Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, tunamlilia kila mwaka. Tunamlilia kwa sababu anaonekana: ana shingo ndefu, amesimama ukumbini, watu wanalipa kiingilio. Punje ya monaziti haionekani, kwa hiyo hakuna mbunge anayesimama kuiulizia. Mimea na vijidudu vyetu angalau vina Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inayotaka nchi yenye rasilimali za kijenetiki igawiwe manufaa yanayotokana na utafiti wake. Mwamba hauna itifaki ya namna hiyo. Kibali cha kusafirisha sampuli hutazama uzito na thamani yake sokoni. Mwamba wa Iringa hauna bei, basi hupita. Afisa hufanya kazi yake sawasawa, kwa mujibu wa fomu aliyopewa, na fomu haina kisanduku cha kuulizia ushahidi.

Nisieleweke vibaya. Siwaiti wezi watafiti wa kigeni waliopanda vilima vyetu. Walitembea kwenye jua ambalo wengi wetu tulilikwepa, walilipia vipimo vyao, na walichapisha walichokipata pasipo kuficha. Tunayoyajua juu ya ukanda wa Usagara tunawiwa nao. Kulaani bidii ya mgeni ni njia rahisi ya kusamehe uvivu wa mwenyeji, na siasa zetu zimejaa laana za namna hiyo.

Ninachokipinga ni mgawanyo wa kazi uliozoeleka. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alikaa wiki sita porini akichora ramani ya miamba yenye ganeti. Alijua mahali ambapo ganeti zilikuwa nzima na mahali zilipokuwa zimepasuka, kwa kuwa alizishika kwa mikono yake. Sampuli zake zilipelekwa katika maabara ya nje kwa msaada wa mradi wa pamoja. Baada ya miezi kumi na moja zilirudi namba kwenye jedwali. Aliuliza swali moja la msingi: punje hizi zilitoka ndani ya ganeti au nje yake? Hakuna aliyeweza kumjibu, kwani mwamba ulikuwa umesagwa wote. Alikuwa na tarehe asiyojua ni ya tukio gani. Alihitimu, tena kwa alama nzuri. Makala ilipotoka, jina lake lilikuwa la tano. Hakuna aliyekosa adabu, wala hapakuvunjwa sheria yoyote. Hivyo ndivyo utaratibu unavyofanya kazi pale unapofanya kazi vizuri.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu mapema.

La kwanza ni kwamba wananchi wanahitaji zahanati na maji, siyo umri wa ganeti. Hoja hii hutolewa kwa sauti ya huruma, lakini naona watoaji wake hawaitumii wanapojadili msafara wa magari au semina ya siku tano hotelini. Nayo si kweli kwamba umri hauna faida ya mkate. Dhahabu ya Geita na Bulyanhulu imo katika miamba ya takriban miaka bilioni 2.7. Tanzanaiti na ganeti ya kijani iitwayo tsavoriti zimo katika Ukanda wa Msumbiji, zao la msukosuko ulio mdogo kwa umri kuliko huo kwa zaidi ya miaka bilioni 2. Vilima viwili vinaweza kufanana kwa macho, vyote vya mwamba wenye mistari, vikatofautiana kabisa kwa historia na kwa matumaini. Umri peke yake haumwonyeshi mtu vito vilipo, lakini humwambia aache kutafuta samaki mtini. Mchimbaji mdogo anayeuza ng'ombe wake kununua baruti na chakula cha vijana shimoni anachimba kwa kubahatisha, kwa sababu ramani ambayo ingempunguzia kubahatisha haijachorwa kwa kina kinachotosha.

Anayetaka mfano wa biashara atazame almasi. Mwaka 1984 Stephen Richardson na wenzake walichapisha umri wa ganeti ndogo zilizofungwa ndani ya almasi za Afrika Kusini. Zilionekana kuwa na zaidi ya miaka bilioni 3, wakati mwamba wa kimbaliti ulioziinua Kimberley una takriban miaka milioni 90 tu. Ikajulikana wazi kwamba kimbaliti ni gari lililobeba, siyo tumbo lililozaa. Wenye kampuni walielewa haraka nini cha kutafuta na wapi. Nchi yenye Mwadui, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, ilikuwa na kila sababu ya kuwa mezani mazungumzo hayo yalipofanyika.

Jibu la pili ni kwamba ni nafuu kununua huduma nje kuliko kujenga maabara. Kwa hesabu ya sampuli moja, ni kweli. Kwa hesabu ya kizazi, si kweli. Nimekwisha kueleza kwamba kazi yenyewe ni kuchagua punje. Mtu hawezi kuagiza uchaguzi huo kwa barua pepe. Hujifunza kwa kukaa mbele ya hadubini, kukosea, kurudia, kubishana na mwenzake juu ya ufa mmoja usiku wa manane. Tukinunua namba tutapata namba. Hatutapata watu.

La tatu ni kwamba sayansi haina mipaka. Naam, kanuni za urani ni zile zile Dodoma na Canberra. Lakini maabara ina anwani, jarida lina bei, na viza ina foleni. Wanaosema sayansi haina mipaka mara nyingi ni wale ambao pasi zao za kusafiria hazikaguliwi sana.

La nne ndilo zito, nami nalikubali kwa sehemu: kwamba mashine itakuja, itazinduliwa kwa utepe, kisha itafunikwa turubai. Tumeona hayo. Mashine ya kupima kwa leza na plazma hutumia gesi ya agoni takriban lita 15 kila dakika inapofanya kazi. Mtungi ukiisha na fedha ya mwingine ikasubiri saini nne, kipimo kimekufa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, siku imepotea. Kwa hiyo simwombi waziri anunue mashine. Namwomba anunue miaka 20 ya mashine: agoni yake, vipuri vyake, umeme wake wa akiba, na zaidi ya yote mafundi wake, wenye mshahara na cheo kinachowafanya wabaki. Katika vyuo vyetu fundi wa maabara hupandishwa cheo kwa kuacha maabara na kwenda ofisini. Utaratibu huo ukiendelea, hata tukipewa chombo bora kuliko vyote duniani tutakizika kwa heshima.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

Kwanza, kila sampuli ya mwamba inayotoka nchini kwa utafiti iache pacha wake Dodoma, katika hifadhi ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ikiwa na mahali ilipookotwa, picha na jina la aliyeiokota. Iwe nusu ya mwamba mzima, haijasagwa. Hili linahitaji rafu, daftari na amri.

Pili, kibali cha utafiti kiwe na sharti kwamba Mtanzania aliyetajwa kwa jina atakuwa mbele ya mashine siku ya kupima, na kwamba takwimu zote, pamoja na zile zilizotupwa, zitarudi ndani ya muda uliowekwa. Mtafiti mwaminifu hatalikataa hilo. Asiye mwaminifu tutakuwa tumemtambua.

Tatu, Jumuiya ya Afrika Mashariki iwe na maabara moja ya pamoja ya kupima umri wa miamba. Ukanda wa Msumbiji haukugongewa muhuri Namanga wala Holili, na hakuna haja ya kila nchi kujinunulia mashine yake kwa ajili ya fahari. Tuanze na hatua za chini zisizogharimu sana: kukata mwamba kuwa vibao vyembamba vya theluthi moja ya sehemu ya kumi ya milimita, kuvisugua, kuvipiga picha, na kuchora ramani ya kila ganeti na punje zake kabla ya kitu chochote kwenda popote. Sampuli ikisafiri baada ya hapo, itasafiri pamoja na swali letu, na jibu litajulikana ni la nani.

Iko ganeti moja ambayo wafanyabiashara waliiita malaya. Inasimuliwa kwamba wachambuzi wa bonde la Mto Umba waliipa jina hilo kwa kuwa haikulingana na kundi lolote walilolijua, wakaitupa kando. Baadaye masoko ya nje yaliipenda, bei ikapanda, nalo jina la dharau likabaki katika vitabu vya vito vya Ulaya na Marekani, lugha yetu ikiwa shahidi wa haraka yetu. Tulilitupa jiwe zima kwa kutolijua jina lake. Sasa tunatupa kilichomo ndani ya mawe mengine kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka wa bajeti utafika tena, na hotuba ya Wizara ya Madini itataja tani, wakia na mabilioni. Ningependa safari hii mbunge mmoja asimame aulize swali dogo la nyongeza: Mheshimiwa Waziri, mwaka huu ni sampuli ngapi za miamba zimetoka nchini kwa utafiti, zilikwenda wapi, na tumebaki na nini? Kama jibu halipo mezani, basi tutakuwa tumejua pa kuanzia.